Pole, Springi Zimekatika?

Kwanza mnisamehe kwa ukimya. Wapo walioniandikia kuniuliza kama nimehama au nimeacha uandishi. Sijahama, niko hapa hapa Chato, na uandishi sijauacha, ingawa kuna wiki ambazo uandishi huwa umeniacha mimi. Nilikuwa na shughuli ya gari. Leo nataka kuwasimulia habari ya gari hilo tangu mwanzo, maana nimechoka kuisimulia kijiweni vipande vipande huku nikichekwa.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet, ile ya umbo la kuviringana ambayo Toyota waliitengeneza kuanzia mwishoni mwa 1989 hadi 1995. Injini ina sisi 1,331, uzito wake haufiki kilo 900, na kwa mafuta haina makuu. Nilipokuwa nasoma chuo Mwanza, kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akipita Malimbe na Starlet nyeupe ya aina hiyo hiyo. Alikuwa ameishusha mpaka tairi zimeingia ndani ya madigadi, rimu zinang'aa, egzosi inakoroma kama mtu aliyelala chali. Sisi tuliokuwa tukingoja fedha za Bodi ya Mikopo tulisimama pembeni kuiangalia inavyovuka tuta kwa upande, taratibu, kama kinyonga. Nikajiapia moyoni kwamba siku nikipata kazi nami nitakuwa na yangu.

Kazi nikapata, fedha sikupata. Ripota wa gazeti anayekaa wilayani analipwa kwa habari iliyotoka, na habari ya Chato inatoka pale tu ambapo Dar es Salaam hawana habari. Lakini Mungu si Athumani. Mwaka 2023 baba yangu mdogo aliniita nyumbani kwake, akanikabidhi ufunguo wa Starlet yake. Presha ya macho ilikuwa imemla jicho la kulia na kuanza na la kushoto. Alikuwa ameshakwangua ukuta mara mbili akirudi nyuma, akaamua kuacha kuendesha kabla hajakwangua mtu. Akaniambia, "Mwanangu, ikulishe kama ilivyotulisha sisi." Nikapokea kwa mikono miwili.

Hapo inabidi niwaeleze wale wa Dar na Nairobi. Starlet ile ilikuwa mchomoko. Mchomoko ni gari dogo la kawaida linalobeba abiria kati ya miji yetu hii: Chato, Bwanga, Katoro mpaka Geita. Gari limetengenezwa la watu watano, linabeba wanane, na mzigo wa dagaa juu yao. Siku hizi kazi hiyo wameishika wenye Probox, lakini Baba mdogo aliianza na Starlet wakati njia nyingi za huku zilikuwa za vumbi, na masika zikigeuka uji. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kiti cha nyuma cha gari lile.

Ili lihimili, alikuwa amelinyanyua. Mbele aliweka spesa za alumini zenye unene wa milimita 30 juu ya shokapu. Nyuma pia akaweka za kwake, pamoja na springi nene kidogo kutoka gari jingine. Chini ya injini alifunga bamba la chuma la kulinda sampu. Ukiliona kwa mbali lilikuwa kama jogoo aliyekanyaga maji. Sasa mimi, mhitimu wa chuo kikuu, nikaone vipi sura hiyo? Nilikuwa naipaki mbali na mikutano ya waandishi. Nasema ukweli.

Agosti 2024 nikawa na shilingi 400,000 zilizokuja kwa mkupuo, malipo ya habari zilizokuwa zimelala miezi mitano. Mtu mwenye akili angelipa kodi ya nyumba. Mimi nikaenda gereji.

Kuna njia ya kushusha gari inavyotakiwa. Unanunua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na shokapu fupi zinazolingana nazo, kwa sababu shokapu ndefu ikikaa na springi fupi hupigwa kwenye mwisho wake mpaka inafumuka. Nilipoulizia bei Mwanza nikaona ningeweza kununua upande mmoja wa gari. Njia ya maskini ni kukata. Fundi wangu wa kwanza alitaka kuzichoma springi kwa mtungi wa gesi mpaka zilegee na gari likae lenyewe. Kama huna utakachosikia katika waraka huu, sikia hili: usikubali. Chuma cha springi kilipikwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo ili kiwe na ukaidi wa kurudi kinapobanwa. Ukikirudisha motoni ovyo umekiua. Kitakaa kinavyokaa leo, kesho kitakaa zaidi, na keshokutwa kitavunjika ukiwa kwenye kona.

Fundi wa pili alitumia grainda. Springi yangu ya mbele nilihesabu mizunguko sita inayofanya kazi. Tukatoa mmoja, ikabaki mitano. Wengi wanadhani ukikata springi inakuwa fupi tu. Hapana, inakuwa ngumu pia. Springi ni waya mrefu uliosokotwa, na waya ukifupika unakataa zaidi kupinda. Sita ukigawa kwa tano ni moja na pointi mbili, maana yake ugumu umepanda kwa asilimia 20. Kumbukeni hesabu hiyo, itarudi mbele. Jambo la pili alilonifundisha fundi huyu ni kupandisha gari kwenye jeki baada ya kufunga, tairi zikiwa zinaning'inia, halafu kuishika springi kwa mkono. Ikicheza kwenye kikombe chake, umekata sana, na siku tairi itakapoingia shimoni springi inaweza kukaa upande. Ya kwangu haikucheza.

Spesa za Baba mdogo tukazitoa zote. Bamba la chuma tukalitoa pia, maana lilikuwa linaning'inia chini na kuharibu sura. Fundi akaniuliza kama nalihitaji. Nikamwambia abaki nalo.

Nikanunua rimu za mtumba zenye matundu manne, inchi 13, zikiwa na tairi 175/60 badala ya zile 155/80 nyembamba ndefu. Tairi hizo zenyewe zinashusha ekseli milimita 19, maana ni fupi. Na kwa sababu ni fupi zinazunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo kilomita za kwenye dashibodi zinaongezeka kwa asilimia 7 hivi kuliko ulizotembea kweli. Siku hizo nilikuwa nadai mafuta kwa kilomita. Mhariri wangu akisoma hapa ajue kwamba mimi niliandika nilichokiona kwenye kioo.

Jumla ya kushuka mbele ilikuwa zaidi ya sentimita 8 ukilinganisha na urefu wa mchomoko. Ngumi yangu ilipita chini ya sampu kwa shida. Nikaitazama jioni ile ikiwa imepaki, jua la ziwani linaipiga ubavuni. Jamani, ilikuwa nzuri. Sitawadanganya kwa sababu ya yaliyofuata. Ilikuwa nzuri sana.

Siku ya kwanza watu watatu walinipa pole. Jirani yangu mama mtu mzima alisimama na ndoo yake akaniambia, "Pole mwanangu, springi zimekatika?" Muuza chipsi akauliza nimegonga nini. Njia panda ya Bwanga trafiki akanisimamisha, akaizunguka Starlet mara mbili, akachungulia kiti cha nyuma, akaniambia nifungue buti. Hakukuwa na kitu. Akashangaa kweli kweli. Huku kwetu gari dogo likiwa chini namna ile lina watu tisa na magunia mawili. Alikuwa anatafuta abiria niliowaficha.

Nikajaribu kumweleza kwamba ni mtindo, na kwamba hata Marekani askari wamewahi kuhangaika na magari ya namna hii. Hilo ni kweli. Vijana wa Kimeksiko wa California walikuwa wakishusha magari makuukuu ya bei nafuu, wengine kwa kukata springi kama mimi, wengine kwa kujaza mifuko ya mchanga kwenye buti. Mwaka 1958 ikaanza kutumika sheria iliyokataza sehemu yoyote ya gari lililobadilishwa kuwa chini kuliko ukingo wa rimu. Mwaka 1959 kijana mmoja, Ron Aguirre, akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake. Akimwona askari anainyanyua, askari akipita anaishusha. Trafiki wa Bwanga alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza bima iko wapi.

Nilichosahau kumwambia, na nilichosahau kujiambia, ni kwamba wale walikuwa wanatembea kwenye lami ya Los Angeles. Sisi lami tunaijua tangu juzi. Hapa ndipo kwao John Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi kwa vipindi viwili kabla ya kuwa Rais mwaka 2015, na ndipo alipozikwa Machi 2021. Mtoto aliyekulia Chato ya lami, ya taa za kuongoza magari na ya uwanja wa ndege wenye njia ya kilomita 3, anaweza kukaa akaota gari lililoshushwa. Baba mdogo ndoto hiyo asingeiota hata kwa homa. Lakini taa ni za pale kati. Ukitoka nje ya barabara kuu kidogo tu, unamkuta yeye na barabara zake.

Safari ya Mwanza ilinionya. Nilikwenda kupima alaimenti, maana gari likishuka tairi zinabadilisha mwelekeo na kuliwa upande wa ndani. Wakati huo bado tulikuwa tunavuka Kigongo na Busisi kwa kivuko. Kupanda mlango wa kivuko kukasikika "kwaaa!" ambayo iligeuza shingo za abiria wote, pamoja na mbuzi. Kushuka upande wa pili, "kwaaa!" nyingine. Nikajifanya naangalia simu. Nilidhani mwisho wa aibu ni hapo.

Novemba, mvua zikiwa zimeanza, nikapigiwa simu saa 1 asubuhi. Duara moja la wachimbaji wadogo lilikuwa limetitia usiku na kulikuwa na watu chini. Sitataja machimbo, waliofiwa wapo na wengine wanasoma humu. Nikawasha gari. Nje kidogo ya Katoro, pale unapoiacha lami, mwanamke mmoja alinipungia mkono. Alikuwa na kanga mbili na ndala, mtoto mgongoni. Akaniambia kaka yake analala kwenye machimbo yale, simu haipokei, pikipiki zimepandisha bei. Nikamwambia, "Panda dada."

Kwa wasioijua njia ya machimbo: malori ya kubeba mawe huchimba mifereji miwili ya tairi, na katikati unabaki mgongo mgumu wenye mawe. Lori linapita juu yake. Mchomoko wa Baba mdogo ungepita juu yake. Mimi nilikwenda nikiwa nimeegemea pembeni, tairi moja juu ya mgongo na moja kwenye majani, mpaka tulipofika mahali majani yalikuwa yameliwa na maji. Nikasikia kishindo miguuni mwangu. Si mkwaruzo, kishindo. Taa nyekundu ya oili ikawaka, nikazima injini papo hapo. Nilipochungulia chini, sampu ilikuwa imepasuka kwenye nati ya kumwagia oili, na oili inaingia kwenye tope jekundu.

Mwanamke yule alishuka. Akainama naye kuchungulia, akatazama tairi, akatazama madigadi. Akaniuliza, taratibu kabisa, bila hasira, "Kwani kaka, hiki kigari kiko chini hivi kwa nini?"

Wasomaji wangu, mimi kazi yangu ni maneno. Sikuwa na hata moja.

Akamfunga mtoto vizuri, akavua ndala akazishika mkononi, akaondoka kwa miguu. Nilibaki na gari kama saa nzima kabla pikipiki haijapita. Nilipofika machimboni jua lilikuwa kali na wenzangu wa redio walikuwa wameshatuma habari zao. Wawili walikuwa wametolewa wakiwa hai, wengine hawakuwa hai. Nikamtafuta yule dada kwenye kundi la wanawake waliokuwa wamekaa chini ya mwembe, sikumwona. Nikataka kuulizia kaka yake, ndipo nikagundua kwamba njia nzima sikuwa nimemuuliza anaitwa nani. Mwandishi wa habari mwenye digrii. Mpaka leo sijui kama alikuwa kati ya wale wawili.

Gari lilivutwa na trekta hadi Katoro, likachomelewa sampu, na baada ya siku nne nikalirudisha nyumbani. Kwa muda mrefu nilikuwa nimemkwepa Baba mdogo. Jumapili moja akatuma mtoto kuniita, akasema nije na gari. Nikaenda. "Shikamoo Baba mdogo." "Marahaba." Akatoka na fimbo yake, akaja mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Kiganja kikashuka kwenye madigadi, kikatafuta ile nafasi aliyoizoea, ambayo mkono mzima ulikuwa unaingia. Kikakuta kidole kimoja tu. Akarudia upande wa pili. Mimi nimesimama kama mtuhumiwa.

"Umemkata miguu," akasema.

"Nilimshusha kidogo, Baba."

"Nimesikia. Hata asiyeona anasikia." Akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya bampa. "Bamba liko wapi?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia nililiacha gereji. Baadaye nililifuata, nikakuta fundi keshalikata kufanya meza ya jiko la mkaa. Nikidhani nitatukanwa, Baba mdogo akaanza kunisimulia lile bamba. Lilitoka kwenye bodi la lori bovu la watengeneza barabara, lililoachwa kambini lami ilipokuwa inajengwa. Alilinunua kwa mlinzi, akalibeba kichwani, akalikunja kwa nyundo yeye mwenyewe siku mbili kwa sababu hakuwa na fedha ya kumlipa mtu. Aliniambia tarehe za mihula yangu ya shule kwa kufuata mashimo yaliyolibonda. "Lile la kulia mbele ni kidato cha pili, tulikuwa tunatoka Bwanga usiku."

Mimi kimya.

Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Spesa je?" Spesa nilikuwa nazo, ndani ya buti, nimezifunga kwa gazeti langu mwenyewe. "Na springi umekata ngapi?" Nikamwambia mzunguko mmoja. Akatikisa kichwa akifikiri. "Basi rudisha spesa, springi uache hivyo hivyo. Iliyokatwa ni ngumu, haitazama ukibeba watu. Zile za mwanzo zilikuwa zinanizamia." Mnaikumbuka ile asilimia 20? Mzee alikuwa ameifikia bila karatasi. Gari likapanda karibu na urefu liliotoka nalo kiwandani, likawa gumu kidogo, na kwenye kona za lami likawa halilali kama zamani. Tairi za 175/60 niliziuza kwa hasara. Rimu nimebaki nazo, nimezivalisha 175/70. Bamba jipya nilitengeneza kwa shilingi 35,000, jembamba kuliko la kwake. Aliligonga kwa ukucha, akaguna.

Julai 2025 nilimpeleka Bugando kuangaliwa jicho la kushoto. Tulitoka saa 11 alfajiri. Njia nzima alikuwa ananiambia tulipo kwa kusikiliza tairi: hapa Katoro, hapa Geita, hapa tumeshavuka Sengerema. Tulipokaribia Busisi akashika mpini wa mlango, akajikaza. Nikamwambia kwamba kivuko sasa basi, tunapita juu ya daraja, lilifunguliwa Juni 19, lina kilomita 3. Akasema anajua, ameisikia redioni. Lakini mkono hakuutoa kwenye mpini. Tukaingia darajani, upepo wa ziwa ukajaa ndani ya gari, na yeye akainamisha kichwa upande wa chini, anasubiri ile "kwaaa." Tulikuwa tumefika karibu na Kigongo alipouliza, "Tumeshapanda?"